Joho la Kemuma

Karani wa majoho chuoni, hapa Kisii, huongea kwa nadra. Humpima mhitimu mabegani kwa macho, humvisha, kisha humpangusa vumbi ambalo mimi, msaidizi wake, silioni. Mwaka huu, asubuhi ya mahafali, alikuja mama kutoka Kenyenya kuchukua joho la uzamili la bintiye Kemuma, aliyefariki mwezi Machi.

“Nataka kulishika tu,” alisema.

“Omong'ina, mama yangu, joho huvaliwa,” karani akamjibu taratibu.

Kanuni ilimruhusu mhitimu peke yake kulivaa. Akamvisha hata hivyo, akamtandazia mgongoni kitambaa cha bluu cha shahada. Mama akafumba macho, akatabasamu kama aliye usingizini. Jina la Kemuma lilipoitwa uwanjani, mama hakuweza kupiga hatua. Karani akaiacha meza yake, akamshika mkono, wakaelekea jukwaani pamoja katika ukungu wa asubuhi.