Bega la Kushoto

Mtaani walimwita Mama Alhamisi. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na majirani, na majirani wakishakupa jina, ujue uchunguzi umekamilika. Kila Alhamisi saa tisa alasiri gari la kijivu lilisimama kwenye kona, mbali kidogo na mlango wake, kana kwamba kona haina macho. Mzee wa Mbao alishuka, akatembea hatua zake arobaini, akaingia. Saa kumi na mbili akatoka. Hivyo hivyo kwa miaka minane.

Mama Alhamisi alikuwa fundi cherehani, tena fundi wa kweli, si hawa wa kupindisha pindo wakakwambia ndiyo mtindo mpya. Alikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na cherehani, meza ya kukatia na kioo kirefu. Cha nyuma kilikuwa na kitanda, kabati na vitu vya mtoto. Mzee wa Mbao alikuwa na kiwanda cha kupasua mbao, maduka matatu, mke wa ndoa na watoto wanne wakubwa. Kwa fundi alianza kuja kama mteja wa suruali. Wapo wanaosema alimlaghai, wapo wanaosema mwanamke alijipeleka mwenyewe. Yote mawili ni kweli, na hakuna hata moja linalomsaidia. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na yeye alikuwa akijisemea hivyo kila alipokuwa peke yake.

Kilichomuuma hasa kilikuwa kimoja: mtoto. Alikuwa na binti wa miaka saba, mwenye maswali mengi kuliko hakimu, na tangu ajue kutamka alifundishwa kumwita yule mzee "mjomba". Mjomba gani tena, jamani, wakati mama mtu hakuzaliwa na kaka hata mmoja! Lakini mzee alisema ni jina la muda. Fundi akalielewa kama bandi, ule ushonaji wa kushikiza tu, ambao kazi ikiisha unafumuliwa. Mtoto akianza darasa la kwanza, mzee aliahidi, nitaandika jina langu mwenyewe, kwa mkono wangu mwenyewe.

Mtoto akaanza darasa la kwanza. Fomu ya shule ikaja, ina mstari wa jina la baba na chini yake mahali pa sahihi. Mzee aliishika, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akasema leo sina miwani, nitaijaza Alhamisi ijayo. Fundi akaiweka chini ya kitambaa cha kufunikia cherehani, isikunjike. Alhamisi ijayo gari halikuja.

Habari alizipata kwa mteja, huku anampima kiuno: unamjua yule tajiri wa mbao? Kiharusi. Upande wote wa kulia umekufa ganzi. Fundi alilazimika kupima kiuno kile mara tatu, maana hakuona namba. Kesho yake alijitanda, akafika hospitali mpaka dirisha la mapokezi. Akaulizwa, wewe ni nani wa mgonjwa? Mwanamke aliyezaa na mtu, anayejua anakoroma vipi na anaogopa nini, akafungua mdomo akajikuta anasema, "Fundi wake wa nguo." Wakamwambia wanaruhusiwa ndugu tu. Akarudi nyumbani kwa miguu.

Miezi mitatu ikapita. Mwalimu mkuu akamkumbusha fomu mara mbili kwa upole, na mara ya tatu bila upole. Kisha asubuhi moja akaingia mwanamke wa makamo, mnene, mpole wa sauti, na mkobani ana kitambaa cha suti. Fundi alimjua kabla hajaketi. Picha yake ilikuwa kwenye pochi ya mumewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa una mkono mzuri."

Alieleza shida yake bila kuzunguka. Binti yake anaolewa mwisho wa mwezi. Baba mtu ni mgonjwa, lazima akae mbele watu wamwone, na hana nguo inayomfaa kwa jinsi alivyokonda. Kumtoa kumleta kwa fundi hawezi. Basi ameleta koti lake la dukani liwe mfano. Apunguze hapa na hapa.

Hapo ndipo angesema ana kazi nyingi. Mimi ningesema, na wewe ungesema. Lakini mikono yake ilikwishapokea kitambaa, maana kilikuwa kitu kitakachomgusa yule mtu baada ya miezi mitatu. Akauliza, kama fundi yeyote angeuliza, mgonjwa anaendeleaje. Mama akasema anajitahidi, ila ulimi mzito, na majina yanampotea. Fundi akainamia meza, anatafuta chaki iliyokuwa mbele ya macho yake, akauliza kama mkono unaweza walau kutia sahihi.

"Sahihi ya nini, mwanangu?" mama akashangaa. "Tunamlisha kwa kijiko."

Alipoondoka, fundi alilia kidogo, akanawa uso, akaanza kukata.

Sasa sikiliza habari za lile bega. Zamani, kabla hajamiliki hata kipande kimoja cha mbao, Mzee wa Mbao alikuwa mpagazi. Alibeba mbao za watu kwa bega la kushoto miaka sita, na bega likashuka chini vidole viwili, halikupanda tena. Akawa tajiri, bega likabaki maskini. Makoti yote ya dukani yalimning'inia upande, naye hakumwambia mtu, kwa aibu ya upagazi. Fundi peke yake ndiye aliyeligundua, kwa viganja vyake, akamshonea koti moja lililonyooka. Koti hilo halikutoka nje ya kile chumba. Mzee alilivaa Alhamisi tu, akasimama mbele ya kioo kirefu, akajicheka kwa furaha kama bwana harusi. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Basi mikono ilikata ilivyozoea. Macho yalitazama koti la mfano, lakini chaki ilishuka vidole viwili upande wa kushoto, na pedi ya bega ikaongezwa ndani. Hakulijua kosa lake hata alipolipiga koti pasi. Dereva akaja kuichukua suti, naye fundi akaifunga kwenye karatasi pamoja na koti la mfano, kwa mikono yake miwili.

Siku ya tatu gari la kijivu likasimama mlangoni kabisa, si kwenye kona. Moyo wake ukaruka, mjinga ule. Aliyeshuka alikuwa mama, na mkononi alikuwa na lile koti la dukani.

"Fundi, koti limemkaa," alisema. Hakusema tena mwanangu. "Limemkaa vizuri mno. Miaka thelathini namwambia mume wangu asimame wima. Kumbe si kusimama, ni bega. Nani alikwambia?"

Fundi akajibu kwamba aliona kwenye koti la mfano. Nguo iliyovaliwa humweleza fundi mzoefu mambo mengi. Ulikuwa uongo mzuri, lakini njia ya mwongo ni fupi. Mama alitandaza koti juu ya meza, akalinyoosha kwa kiganja. Mabega yalikuwa sawasawa, bitana bado inang'aa.

"Hili alilivaa siku moja tu," mama akasema. "Lingekueleza nini?"

Kabla fundi hajatafuta jibu, mtoto akaingia mbio kutoka shule, begi mgongoni.

"Mama, mjomba amekuja? Nimeliona gari lake!"

Kisha akamwona mgeni, akakumbuka adabu, akaamkia. Mgeni aliitikia marahaba kwa sauti ndogo. Alimtazama mtoto masikio, yale masikio yaliyochomoza, ambayo wanawe wote wanne wanayo. Fundi akamtuma mtoto chumba cha nyuma akabadili nguo. Halafu aibu yote ikamwisha, kama inavyomwisha mtu anayezama. Akainua kitambaa cha cherehani, akatoa fomu, akaishika kwa mikono miwili.

"Mama, ni jina tu. Aweke hata dole gumba. Sitaki kingine, na hutaniona tena."

Mama aliisoma fomu yote, mstari kwa mstari. Akairudisha mezani, akalichukua koti lake.

"Mkono wake haushiki kitu. Na mimi sitamshikia." Akautazama mlango wa chumba cha nyuma. "Anamwita mjomba?"

"Ndiyo, mama."

"Basi aendelee kumwita hivyo hivyo."

Akatoka. Mtoto aliporudi akauliza yule bibi ni nani, mama yake akasema ni mteja.

Jumatatu walikwenda wote wawili ofisi ya shule. Karani akajaza jina la mtoto, akajaza la mama, akafika pale na kalamu ikasimama. Jina la baba? Fundi akasema hana.

"Lakini nina mjomba," mtoto akasema.

Karani akatabasamu, akamwambia fomu haina sehemu ya mjomba. Akachukua rula, akaiweka juu ya ile nafasi, akapiga mstari.