Ngozi Tuliyoiwamba Kabla ya Kuhama

Mama alipofariki, baba alikataa kuhama. Ilikuwa katika miaka ya hamsini, kiangazi kilipokuwa kirefu, nasi tulichunga ng'ombe wetu wa pembe ndefu kwenye mbuga za Kituntu. Nyasi zilikuwa zimekwisha. Wenzetu walikwisha kupeleka mifugo upande wa Kyerwa, na kila aliyetoka huko alituambia kwamba majani yanafika magotini. Baba aliwasikiliza, akawashukuru, akabaki. Kaburi la mama lilikuwa nyuma ya zizi, naye hakutaka kulipa kisogo. Mbavu za ng'ombe zilianza kuonekana.

Mimi nilikuwa kijana tayari, na shule yangu iliishia darasa la nne. Haya ya nyota nitakayoyasimulia niliyapata kwa mwalimu mmoja, na nitayasema kama nilivyoyaelewa tu.

Mwalimu huyo alikuja kwetu kila asubuhi kununua maziwa. Alitoka upande wa Bukoba, kwenye migomba, na zamani baba hakumpimia bila kumtania.

"Mwalimu, ndizi zimekushinda? Umekuja kutafuta nguvu?"

"Mzee, bila ndizi zetu nyinyi mngekunywa maziwa mpaka mkaota pembe."

Tangu msiba, baba alimpimia kimya, naye mwalimu akapokea kimya.

Asubuhi moja, tukingoja maziwa, mwalimu alinieleza kwamba wataalamu wenye darubini kubwa wameona makundi ya nyota yakienda mbali nasi, na kwamba yaliyo mbali zaidi ndiyo yanayokwenda kwa kasi zaidi. Baba alikuwa amechuchumaa akikamua. Mikono yake ikasimama.

"Yanatukimbia sisi?"

"Yanaonekana hivyo, mzee."

"Kumbe hata huko juu wanaachana," alisema, akaendelea kukamua. Tangu siku ile hakuitaja tena Kyerwa, hata kwa kuikataa.

Kisha akafa ng'ombe mweupe aliyekuwa kipenzi cha mama. Hakuugua. Aliishiwa nguvu tu, akalala asiinuke. Tulijua wengine watamfuata. Tulimchuna, na asubuhi yake tukatandaza ngozi mbichi uwanjani, manyoya chini, tuivute na kuipigia vigingi. Mwalimu akatukuta hapo, chombo chake cha maziwa mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Alisimama akiitazama ngozi, jinsi ilivyojikunja. "Msiivute kwanza," alisema. Akatia mkono mfukoni, akatoa akamwani, ile kahawa iliyochemshwa na kukaushwa na maganda yake, ambayo kwetu mgeni hupewa atafune kabla ya mazungumzo. Akaanza kupanga buni juu ya ngozi.

"Unafanya nini, mwalimu?" baba aliuliza.

"Natengeneza nyota, mzee."

"Kwa kahawa ya mfukoni mwako? Mgeni aje kwangu atoe kahawa yake mwenyewe? Watu wataninenaje?"

Aliingia ndani. Alipotoka alishika kikapu kidogo chenye kifuniko, na mimi nikainamisha macho. Akamwani ile mama aliichemsha na kuianika kwa mikono yake kabla ya kuugua. Tangu tumzike hakuna aliyekifungua kikapu kile.

Mwalimu alikipokea kwa mikono miwili. Alikitambua. "Mzee, hii..."

"Weka nyota zako."

Akaziweka, moja hapa, nyingine pale, zikanata kwenye unyevu. Kisha akasema, "Vuteni." Mimi nilivuta shingoni, baba mkiani, yeye ubavuni. Ngozi ikafunguka polepole.

"Basi. Mzee, chagua buni moja, jifanye umekaa hapo. Wenzako wamekwendaje?"

Baba alitazama. "Wamenikimbia wote. Wa mbali wamekimbia zaidi."

"Sasa hamia ile ya kule."

Baba alizunguka, akachuchumaa upande wa pili. "Na huyu wamemkimbia wote."

"Na yule?"

Alihama tena. Safari hii alikawia. "Na yule. Kila mmoja ataona ni yeye aliyeachwa." Akainua uso. "Sasa aliyeondoka ni nani?"

"Hakuna aliyetembea, mzee. Ni nafasi iliyo katikati yao iliyopanuka."

Baba aligusa ukingo wa ngozi. "Hii ina mwisho, na nje yake kuna uwanja wangu. Mbingu zinapanukia wapi?"

"Hapo mfano wangu unakwama. Huenda hazina ukingo. Sijui, na wenye darubini nao hawajui."

"Na kabla ya kuvutwa?"

"Wako wanaosema vyote vilibanana mahali pamoja, vikaanza kutawanyika. Wengine wanasema hakukuwa na mwanzo, kila nafasi ikipanuka vitu vipya vinazaliwa katikati. Wanabishana mpaka leo."

"Wanapigana?"

"Wanaandikiana."

"Afadhali," baba alisema.

Akachukua buni moja, akaipasua kwa ukucha. Ndani mlikuwa na punje mbili, uso kwa uso, kama ilivyo kawaida ya buni. Kwetu, watu wawili wakitaka undugu usiovunjika, hugawana punje za buni moja. Baba alizitazama kiganjani.

"Na hizi? Zilikuwa juu ya ngozi hiyo hiyo. Mbona hazikuachana?"

"Zimeshikana, mzee. Kilichoshikana hakitenganishwi na upanuzi ule. Hata nyota za kundi moja zinavutana, zinabaki pamoja."

"Zimeshikana," baba alirudia.

Akafunga kiganja, akaenda nyuma ya zizi. Sisi tulibaki tumeishika ngozi. Aliporudi, kiganjani mlikuwa na punje moja tu. Akaitia kinywani.

"Pigeni vigingi," alisema. "Ikikauka tunahama."

Mwalimu hakutufundisha habari za wafu, wala mimi sisemi kwamba nyota zimethibitisha lolote juu ya mama. Nasema lililotokea. Ngozi ilikauka, baba akaikunja akaiweka begani, kikapu akakishika mwenyewe, tukaondoka. Njiani ng'ombe wawili walilala, tukawasukuma kwa mabega, wakainuka.

Baba naye amekwenda sasa. Tulimzika Kyerwa, na ninapoandika haya bado nina kilio chake. Ngozi ile ninaikalia. Kila alipokuja mwalimu kututembelea, baba alimuuliza kama wale mabwana wamekwisha kupatana juu ya mwanzo, naye akajibu bado. Mimi nami sijui.

Ila siku ya kufika naijua. Tulikata kilima cha mwisho, ng'ombe wakanusa majani, wakatupita mbio, hata wale waliokuwa wakisukumwa. Majani yalifika magotini kweli. Mwalimu, aliyeomba ruhusa shuleni atusindikize, alikuwa ameketi chini akihema.

"Mwalimu!" baba alimwita. "Hizo ndizi zako zimeishia njiani?"

Hakungoja jibu. Aliinua fimbo juu, akaanza kuwasifu ng'ombe wake kwa majigambo, mmoja mmoja, kwa rangi zao na pembe zao, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu msiba. Alianza na yule mweupe.