Mafuta ya Friji

Friji ya zahanati yetu, kule ndani nyuma ya Taru, ilikuwa ikila mafuta ya taa. Wafadhili waliileta mwaka 1996, wakaibandika bendera yao, wakapigwa picha, wakaenda zao. Mwaka uliofuata mafuta yakakoma kuja. Wafadhili wakasema mafuta ni kazi ya serikali. Serikali ikasema fungu hilo halikutengwa. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi, na nyasi ni sisi.

Muuguzi wetu, Sidi Fondo, hakungoja barua ya tatu. Aliwaambia kina mama kila anayeleta mtoto kuchanjwa aje na mafuta kidogo kutoka kwenye koroboi yake. Wakaleta. Nyumba zikakaa giza ili dawa ipate baridi. Menza, aliyekuwa na mtoto mmoja tu, hakukosa hata wiki moja: nusu chupa ya soda.

Kisha zikaja mvua za El Nino. Barabara ikakatika, maduka yakaishiwa mafuta, friji ikazimika. Siku ya nne Sidi alitazama kipimajoto, akazitupa chanjo zote shimoni huku akilia kwa hasira.

Kesho yake Menza alifika amelowa chepechepe, Ziro mgongoni. Mtoto alikuwa ametimiza miezi tisa, umri wa chanjo ya surua.

"Shikamoo, sista. Leo ndiyo siku yake."

"Marahaba. Dawa imeharibika, Menza. Haina nguvu tena."

"Si nilileta mafuta mimi?"

"Ulileta, mwanangu. Ulileta."

Surua ilifika kabla ya chanjo mpya. Ziro alizikwa mwezi wa kwanza, na kaburi lenyewe ilibidi kwanza likombwe maji.

Barabara ilipopitika, wageni walikuja na gari kubwa kukagua friji yao. Wakaisifu kwamba imetunzwa vizuri. Sidi akaomba mafuta. Wakamjibu kwa upole kwamba mafuta hayamo katika mradi. Ningekuwa mimi, ningewafungia humo humo ndani ya friji.

Walikuwa bado wamesimama pale Menza alipoingia na chupa yake. Safari hii ilikuwa imejaa.

"Mbona yote?" Sidi aliuliza.

"Taa nilikuwa nikimwashia Ziro, sista. Alikuwa hanyonyi gizani. Sasa nimwashie nani?"

Sidi aliipokea kwa mikono miwili, akapiga magoti mbele ya wageni, akayamimina mafuta kwenye tangi lililo chini ya friji.