Mtutu wa Bunduki ya Baba

Baba alimiliki bunduki kihalali. Aliipiga hewani kufukuza tembo waliovamia mahindi yetu pale Morotonga. Shida ikawa risasi. Za aina ile ziliacha kuletwa madukani, kwa hiyo akaomba kibali polisi Mugumu abadilishiwe mtutu, ili bunduki itumie risasi zinazopatikana.

Tulizungushwa tangu kupanda mpaka mahindi yakabeba. Leo afisa amesafiri, kesho picha za pasipoti hazifai. Kibali kilipotoka tukaenda moja kwa moja kwa fundi wa bunduki mwenye leseni, mmoja tu tuliyemjua. Karakana ilikuwa imefungwa. Jirani akatuambia fundi amehamia Nyamongo, kwenye dhahabu.

Tukamfuata. Tulimkuta akichomelea karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo mzee," fundi alimwamkia baba.

"Marahaba. Nimekuletea kazi, na kibali ninacho."

"Kazi ya bunduki nimeacha, mzee wangu. Hata vifaa nimeviuza."

"Sasa mimi niende wapi?"

"Labda Mwanza, ukaulizie."

Baba alikikunja kibali akakirudisha mfukoni. Mimi ndiye niliyefoka, nikamuuliza kwa nini hakuacha hata ujumbe kwa wateja wake. Fundi alivaa miwani yake ya kuchomelea, cheche zikaanza kuruka, tukalazimika kurudi nyuma.

Kibali kiliisha muda kabla hatujapata fundi mwingine. Bunduki isiyo na risasi haikuwa na kazi tena, baba akaikabidhi polisi. Tembo walipokuja tuligonga madebe mpaka mikono ikavimba, nao wakaendelea kula.