Hesabu ya Mikono Siku ya Kumzika Wakoli

Nangila alikuwa mtu wa kutaka kila kitu kithibitishwe. Tangu aingie mwaka wa pili chuoni Bungoma, akisoma diskriti, yaani hisabati ya vitu vinavyohesabika kimoja kimoja, alikuwa amechosha watu kweli kweli: hata ugali ukiiva alitaka kujua ni kwa hoja gani. Lakini tusimcheke sana. Kaka yake Wakoli alipotelea Kitale miaka sita iliyopita, na aliyenyimwa jibu moja hutafuta mengine popote.

Jumamosi hiyo walikutana kwa mama yao, kijijini Tongaren, kumzika Wakoli. Maiti haikuwepo. Ukoo ulikuwa umechoka kungoja, ukaamua uzikwe mgomba mahali pake, kama ilivyo desturi. Nangila hakutaka kabisa. Mgomba ukishafukiwa, Wakoli angekuwa mfu, na hata akija kwa miguu yake asingekaribishwa langoni.

Ili asilie, akatoa daftari. Mhadhiri wake, Chepchumba, alikuwa amewaagiza wajaribu kanuni moja kwenye mkutano wowote: muulize kila mtu amepeana mkono na wangapi, kisha jumlisha. Jumla haikosi kugawanyika kwa mbili, kwa kuwa kila salamu huhesabiwa mara mbili, na huyu na yule.

"Wewe Nangila, watu hawahesabiwangi. Kwani ni kuku?" akafoka Wakhungu, baba yake mdogo, huku akichimba shimo.

"Nahesabu mikono, baba mdogo, si watu."

Walikuwa watano tu bomani tangu asubuhi. Wakhungu alisalimia wanne, Nangila wanne. Dada yake Judy watatu, maana alikuja na mumewe Kipkemei, na mtu hampi mkono aliyeamka naye. Kipkemei wawili: mkewe hakumsalimia, na kwetu mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hata kwenye msiba. Akabaki mama, Rispah.

"Wanne," akasema mama.

Nangila akajumlisha. Kumi na saba. Akarudia, ikawa kumi na saba.

"Mama, si ni watatu? Ama ulimpa Kipkemei mkono?"

"Ati mimi? Nikose adabu hivyo?"

Kipkemei akatikisa kichwa, akarudi nyuma hatua mbili.

"Basi wa nne ni nani?"

Mama akautazama mgomba uliolazwa juu ya blanketi. Akasema alienda kuukata kabla hawajafika. Ulipoanguka tu, mkono ulitoka nyuma yake ukaushika wake, kama mtu anayesalimia. Hakugeuka. Aliujua. Kidole cha shahada hakikuwepo, kile ambacho mashine ya kupukuchua mahindi ilimkata Wakoli.

Wakhungu akaacha jembe.

"Ulikuwa baridi?" Nangila akauliza.

"Ulikuwa na joto, mwanangu. Na jasho."

"Mama! Mbona hukugeuka?"

"Nilikuwa nimeshaukata mgomba." Mama akajifuta kiganja kwenye leso. "Miaka sita nimegeuka kila nikisikia mlango. Leo nilichoka."

Akaushika mgomba mwenyewe, akauburuta hadi shimoni. Hakuna aliyemsaidia, wala aliyemzuia. Nangila akakimbilia migombani akiliita jina la kaka yake, na nyuma yake akasikia udongo ukianza kuanguka.