Kofia kwenye Msumari wa Mdogo Mtu

Ilikuwa mwaka ule wa mvua nyingi. Hapana, nimekosea, ni mwaka uliofuata, maana bati lililokuwa likivuja lilikuwa linabadilishwa, na ni katika kulibadilisha ndipo mdogo mtu alipoanguka akapiga paji la uso sakafuni.

Walikuwa ndugu wawili, vinyozi, viti viwili na kioo kimoja. Daktari alimweleza kaka mtu taratibu: mikono ni mizima, kazi ataifanya, ila ubongo umeumia pale mbele, panapompimia mtu maneno kabla hayajatoka. Hata sura za watu hatazisoma tena kama zamani. Kaka mtu alilia kweli siku hiyo, ingawa moyoni alijua wateja wote sasa ni wake.

Wapi! Mdogo mtu aliporudi kazini akawa anamwambia mtu lililopo. "Mtindo huu haukufai bwana, una masikio makubwa." Watu wakaangua kicheko, kesho wakaja na rafiki zao.

Sasa, sheria ya duka, tangu enzi za baba yao, ni kwamba ukiingia unatundika kofia yako kwenye msumari wa kinyozi unayemtaka. Msumari wa mdogo ukaelemewa. Wa kaka ukashika kutu. Akawa anafagia nywele ambazo hakuzinyoa yeye, roho ikimuuma kama aliyemeza kaa la moto. Watu aliowabembeleza miaka nenda miaka rudi, akiwauliza hali za watoto wao!

Kilichomchoma zaidi ni Mwalimu mstaafu, mteja wake tangu ujanani. Asubuhi moja na yeye akatundika kofia kwa mdogo, kisha akatoka kununua gazeti. Kaka mtu akaihamisha.

Mwalimu aliporudi, mdogo mtu alikuwa anapangusa kiti. "Kofia yako iko kwa kaka."

"Mbona nimeitundika kwako?"

"Iko kwa kaka," akasema, bila kumwangalia kaka yake aliyekuwa akitokwa na jasho. Zamani angemtupia jicho moja tu akajua yote.

Mwalimu akakaa, shingo upande. Kaka mtu akawaza, kumbe dawa yenyewe ni kusema tu lililopo, kama mdogo wake. Akawasha mashine, na alipofika katikati ya kichwa akachangamka. "Mwalimu, hiki kichwa sasa ni uwanja wa mpira! Nywele zimekukimbia kama wanafunzi wako."

Waliokuwa wakingoja kwenye benchi wakageukia kioo. Mwalimu akamkazia macho kwenye kioo.

"Hilo umelipanga," akasema. "Umetaka liniume."

Akainuka na kitambaa chake shingoni, kichwa kimenyolewa nusu, akahamia kiti cha pili.

"Kazi imebaki ndogo," mdogo mtu akamwambia. "Hata huku hakuna kitu."

Mwalimu akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Alipoondoka, kaka mtu akasimama mbele ya ndugu yake. "Hebu nitazame usoni. Unaona nini?"

Mdogo mtu akamtazama, akamtazama tena. "Hujanyoa vizuri chini ya kidevu, kaka. Kaa nikumalizie."

Akakaa. Kidevu juu, akawauliza wale wa kwenye benchi kupitia kioo:

"Jamani, ikiwa kilichoharibika kwake ndicho mnachokifuata, hiki changu kizima ni cha kazi gani?"