Shingo ya Pikipiki ya Mwinjilisti

Wazee wawili wa kanisa walipokuja dukani kuniuliza wanunue pikipiki gani, nilikuwa nimeuza spea kwa miaka kumi na moja, na sikuwa nimewahi kuendesha pikipiki hata hatua mia. Hilo halikunitia wasiwasi. Wao pia hawakuniuliza.

Duka liko mjini Tabora, kwenye mtaa wa maduka ya zamani yenye milango mizito ya mbao. Tajiri wangu ni Mwarabu wa hapa hapa. Mababu zake walikuja na misafara wakiuza vitambaa na chumvi. Yeye anauza beringi. Nilianza kwa kufagia na kupanga maboksi, kisha nikasimama kaunta, na baada ya miaka kadhaa wateja wakawa wananitafuta mimi hata kama tajiri mwenyewe yupo. Mtu anaingia na kipande cha chuma kilichojaa grisi, amekifunga kwenye gazeti, anakiweka mbele yangu bila kusema neno. Nakigeuza mara moja, nakwenda rafu ya nyuma, narudi na kipya.

Katika kazi hiyo niligundua jambo ambalo nililiona kama siri yangu. Pikipiki za Kichina zimeingia Tabora kwa majina mengi kuliko ninavyoweza kuyakumbuka. Nyingine zina majina ya wanyama, nyingine majina ya Kiingereza yanayotaja nguvu, nyingine yanakaribia kabisa jina la Kijapani ila herufi moja imebadilishwa. Mwaka huu jina lipo, mwaka ujao halipo tena. Lakini mwenye pikipiki ya jina lolote katika hayo akija kutafuta pistoni, nilimpa ileile. Ringi zilezile, klachi ileile, hata gasketi haikubadilika. Nikahitimisha kwamba ni pikipiki moja inayovaa nguo tofauti, na nilikuwa nikiwaambia hivyo wateja, nao walikuwa wakicheka na kunisifu.

Wale wazee walitoka kijijini kwa mama yangu, ndani ya Uyui, mbele ya Isikizya, unapoiacha lami na kuingia porini.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanetu. Tumekuja kwako kwa sababu wewe ni wa kwetu na vitu hivi unavijua."

Walitaka kumnunulia mwinjilisti pikipiki. Mtu huyo alikuwa akihudumia vijiji vitatu kwa baiskeli, na mama yangu alipougua mguu hakukuwa na wiki aliyokosa kufika kumwombea, mvua au jua. Baada ya mauzo ya tumbaku watu walikuwa wamechanga, na mchango ulitosha. Walikuwa wameshaziona pikipiki mbili na hawakuweza kukubaliana.

Jumamosi mchana nikaenda nao. Ya kwanza ilikuwa na jina ambalo bodaboda wote wa mjini wanaliamini. Ya pili, katika duka jingine, ilikuwa ngeni: tangi jekundu, nembo ya mbawa, na bei ya chini. Ile tofauti ya bei ingenunua mabati ya kuezekea nyumba ya mwinjilisti, ambayo ilikuwa inavuja.

Nilichutama, nikafuta vumbi kwenye bloku ya injini na kuwaonyesha herufi na tarakimu zilizogongwa pale. Nilikuwa nimezipiga picha kwenye ile ya kwanza. Herufi na tarakimu za mwanzo zilifanana kabisa.

"Mnaona? Kiwanda kimoja. Kule wamebandika stika ile, huku wamebandika hii."

"Kwa hiyo tofauti ni nini?" mzee mmoja aliuliza.

"Jina. Kule mnalipia jina."

Muuzaji alikuwa amesimama nyuma yetu. Akasema, "Mama huyu mtaalamu," nami nikafurahi.

Wakanunua ile nyekundu, na mabati wakanunua. Pasaka nilipokwenda kumwona mama, niliiona nyumba ya mwinjilisti iking'aa, na yeye mwenyewe akanipakia kunirudisha mpaka lami. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda pikipiki niliyoichagua mwenyewe. Nilishika kiti kwa mikono miwili njia nzima, na mashimo yalikuwa mengi, lakini nilishuka nikiwa na kiburi kidogo moyoni. Injini ilikuwa inaunguruma vizuri, na nilimwambia hivyo.

Kiangazi hicho mama akanipigia simu.

"Pikipiki yenu imekatika."

Nilidhani amekosea neno. "Imeharibika?"

"Nimesema imekatika. Vipande viwili. Mwinjilisti yuko hospitali."

Alikuwa akitoka kuzika kijiji cha jirani. Kwa bahati alikuwa peke yake, na alikuwa amepunguza mwendo ili kuvuka korongo kavu. Usukani ulilegea mikononi mwake, gurudumu la mbele likaenda upande wake na sehemu iliyobaki ya pikipiki ikaja juu yake. Alivunjika mtulinga na kupoteza meno mawili ya mbele.

Jumapili iliyofuata nilikwenda. Alikuwa amesharudishwa nyumbani. Mke wake alikuwa barazani akipepeta mahindi, na nilimsalimia Kinyamwezi kama tunavyosalimiana siku zote.

"Mwangaluka, mayu."

Aliitikia bila kuinua macho. Ungo haukusimama.

"Wewe ndiye uliyesema ni zilezile," akasema.

"Ni mimi."

"Basi nenda kaangalie. Iko nyuma ya jiko."

Nilikwenda kuangalia kabla sijaingia kumwona mgonjwa, kwa sababu niliogopa kuingia. Walikuwa wameileta kwa mkokoteni wa ng'ombe na kuilaza chini, kichwa huku, mwili kule. Ilikuwa imekatikia shingoni, pale bomba linaloshika usukani linapoungana na chesisi. Sehemu moja ya mkato ilikuwa inang'aa, chuma kilichokatika siku ile. Sehemu nyingine ilikuwa na kutu ya kahawia. Maana yake ufa ulikuwepo muda mrefu, umefichwa na rangi, na pengine ulikuwepo hata siku ile aliponipakia. Mahali walipochomelea, chuma kilikuwa kimemwagwa juu juu tu, hakikuingia ndani. Nilipitisha kidole nikasikia mawimbi na mapengo yake.

Nilibaki nimechutama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Dukani kwetu hatuuzi chesisi. Kila nilichokijua kuhusu pikipiki kilikuwa kimewahi kukaa kwenye rafu, na kisichokaa kwenye rafu sikuwahi kukitazama.

Ndani, mwinjilisti alikuwa ameketi kwenye kiti, mkono umefungwa kifuani. Aliongea kwa shida kwa sababu mdomo ulikuwa umevimba.

"Mwinjilisti, nimekukosea," nikasema. "Nilisema kitu nisichokijua."

Nilitegemea aniambie hapana, ni mapenzi ya Mungu, kama watu wanavyosemaga. Hakusema hivyo.

"Injini uliijua," akasema. "Ungetuambia tu kwamba umeangalia injini peke yake."

"Ndiyo."

"Siku nyingine waambie watu mahali unapoishia."

Kisha akaniuliza kama mama ameshaanza kukanyagia ule mguu, tukazungumza habari za mama.

Jumatatu, saa ya chakula, nilikwenda kwa yule muuzaji nikiwa na picha za shingo kwenye simu. Aliziangalia haraka.

"Waranti ni ya injini. Halafu hizi mnazipakia magunia."

"Ilikuwa inapakia mtu mmoja na Biblia."

"Mama, mimi sikuwepo huko."

Nilitaka kuendelea kubishana, lakini macho yangu yalikuwa yameangukia zile zilizopangwa nyuma yake. Tangi jekundu lilelile. Taa ileile, kiti kilekile. Jina lilikuwa jingine. Mbawa hazikuwepo, badala yake palikuwa na nembo ya ngao.

"Zile za mbawa ziko wapi?"

"Ziliisha. Hizi ni toleo jipya, zimeboreshwa."

Niliwasha tochi ya simu nikainama chini ya usukani wa ile ya mwisho. Mawimbi yalikuwa yaleyale, mapengo yaleyale, kama vile mkono uliochomelea ile ya kijijini ulikuwa umehamia hapa bila kupumzika. Kando ya stika ya ngao, gundi ya zamani ilikuwa imeshika vumbi, na vumbi lilikuwa na umbo la ncha ya ubawa.

Kijana mmoja wa kutoka upande wa Kipalapala alikuwa amekaa juu ya mojawapo akipima urefu wa miguu. Nikamwambia, "Kaka, shuka uangalie hapa." Akashuka, akaangalia. Muuzaji akaniomba nitoke dukani kwake, na nikatoka. Yule kijana alitoka baada yangu. Kama alirudi siku nyingine kuinunua, sijui.

Tajiri wangu alikuwa ameshasikia habari zote. Jioni tulipokuwa tunafunga, nikamwuliza swali lililokuwa linanikera: kama ni kiwanda kimoja, mbona chesisi ya ile tuliyoiacha haikatiki?

"Nani kakwambia ni kiwanda kimoja?"

Nikamwonyesha zile namba za bloku. Alicheka, kisha akaona uso wangu akaacha.

"Bibie, hiyo ni aina ya injini. Inasema ukubwa wa silinda na mtindo wake, basi. Viwanda vingi vinatengeneza injini ya mtindo huo, na kila kimoja kinagonga namba hiyo. Ni kama namba ya kiatu. Wewe umeona viatu viwili vyote namba nane, ukawaambia watu vimeshonwa na fundi mmoja."

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Hukuniuliza. Na spea zilikuwa zinaingia."

Nilikaa na maneno hayo njiani kote nikirudi nyumbani. Miaka kumi na moja nilikuwa ninaona vitu vinaingiliana, nikadhani vinalingana. Pistoni kuingia kwenye silinda hakukuniambia chuma chake kimechanganywa na nini, wala itadumu mwaka au miezi mitatu. Na nilikumbuka wateja waliorudi mapema mno na spea ileile imekwisha, nami nikawaambia wanaendesha vibaya.

Kuna fundi mmoja mtaa wa Ipuli ambaye hununua kwetu. Nilimwendea nikamweleza yote bila kujitetea, nikamwuliza kama injini yetu ingeweza kufungwa kwenye chesisi nyingine. Alikuwa na pikipiki kuukuu ya lile jina linaloaminika, imekufa injini, mwenyewe ameshamuuzia kama chuma chakavu lakini kadi yake ya usajili ilikuwepo.

"Lete hiyo injini yenu niifungue kwanza," akasema. "Nisiseme kabla sijaona."

Wazee wakaileta. Aliifungua mezani, akapima, akanusa oili, akabadilisha beringi moja ambayo hakuipenda. Halafu tukaipachika kwenye ile chesisi kuukuu. Boliti zote ziliingia bila kuchonga tundu hata moja. Nilikuwa nimesimama pale nikishika spana, na nilipoona zimeingia sikujua nifurahi au nione aibu, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nimekisema sawa.

Chesisi yenyewe ilikuwa imepita miaka ya magunia ya mpunga na abiria wawili wawili. Fundi alitoa taa ya mbele, akaisugua shingo kwa brashi ya waya na mafuta ya taa mpaka chuma kikaonekana, akaniita.

"Tazama. Hapa ndipo pa kuanzia. Kabla ya injini, kabla ya stika."

Nilitazama. Weldi ilikuwa nyembamba, imelala sawasawa. Akanionyesha pa kupitisha ukucha, na pa kugonga kwa spana ndogo ili kusikiliza mlio. Jumamosi sita baada ya hapo nilikwenda gereji kwake nikitoka dukani, na kila pikipiki iliyoletwa alinipa niikague kwanza, kisha akanirekebisha. Nyingi nilikosea. Niliona nyufa mahali ambapo palikuwa na mkwaruzo wa rangi tu, na niliupita ufa mmoja wa kweli ambao yeye aliuona akiwa bado anatembea kuja.

Wazee walishughulikia kadi na ukaguzi wa kubadilisha injini, wakahangaika nao wiki kadhaa, ukakamilika. Tangi lililowekwa ni lile jekundu, kwa sababu la kuukuu lilikuwa limetoboka, na mwinjilisti aliibandua stika mwenyewe kwa maji ya moto. Sasa halina jina lolote. Hakupenda kuirudia pikipiki mara moja. Alianza kwa kuisukuma mpaka kanisani, kisha akaiendesha uani, kisha barabara ya kijiji. Bega lake linamsumbua msimu wa baridi.

Wateja bado wananiuliza ipi nzuri. Ninawaambia ninachokijua kuhusu injini na spea, ipi spea zake zinarudi haraka zimekwisha na ipi hazirudi, kisha ninawaambia wampeleke fundi akaangalie shingo, au waende na mimi Jumamosi. Baadhi wanaona ninawapotezea muda. Wananunua kwa rangi.

Mke wa mwinjilisti ananiitikia salamu sasa, na Krismasi alinipa mayai nimpelekee mama. Lakini ile pikipiki haipandi. Akiwa na safari ya Isikizya anatembea kwa miguu mpaka lami, mtoto mgongoni, akisubiri gari, na mumewe anampita akienda upande huohuo. Fundi ameniambia mara mbili kwamba chesisi ile itadumu. Mimi sijawahi kumwambia mke wa mwinjilisti kwamba ni salama.